Mafahali Wawili wa Japani

Mtu akitaka kujua wenye kuunda motokaa wa Japani wameingia katika maisha yetu kwa kiasi gani, hana haja ya kufunga safari mpaka Tokyo. Na aamke alfajiri aende soko la Kongowea, asimame mahali yanapoteremshwa makabichi na viazi vya bara. Atawasikia wapagazi wakiitana: Fuso limeingia, Kanta ya vitunguu iko wapi? Fuso na Canter kwa asili ni majina ya bidhaa za kampuni moja, lakini kwa watu wa sokoni yamekuwa majina ya ukubwa wa lori, kama vile pishi na kibaba yalivyokuwa majina ya vipimo kwa babu zetu. Jioni, abiria arudiye Kisauni huambiwa apande Nissan, ingawa mara nyingi gari lenyewe limeandikwa Toyota mgongoni. Majina ya watu wa mbali yamekuwa maneno yetu, na wenyewe huko waliko hawana habari.

Mwaka 2025, nilipokuwa nikifundisha kidato cha tatu habari za viwanda vya Asia, mwanafunzi mmoja ambaye baba yake huendesha Fuso kati ya Mombasa na bara aliniuliza swali. Alikuwa amesoma gazetini ya kwamba Fuso na Hino zinaungana. "Mwalimu," akasema, "hawa walikuwa wakigombania wateja miaka yote. Leo wakiwa nyumba moja, aliyeshinda ni nani?" Darasa lilicheka, nami nikacheka pamoja nao, kwa sababu sikuwa na jibu. Insha hii ni jibu la kuchelewa.

Habari zenyewe ni mbili, nazo zilitokea karibu kwa wakati mmoja. Tarehe 23 Desemba 2024 wakuu wa Honda na Nissan walitangaza kwamba wataanza mazungumzo ya kuungana chini ya shirika moja la juu, litakalomiliki kampuni zote mbili. Tarehe 13 Februari 2025, yaani baada ya siku 52 tu, mazungumzo yalivunjika na kila mmoja akarudi kwake. Lakini tarehe 10 Juni mwaka huo huo, Mitsubishi Fuso na Hino, wapinzani wa miaka mingi katika uundaji wa malori na mabasi, walitia sahihi mapatano kamili ya kuungana. Nchi ni moja, kazi ni moja, na mwaka ni mmoja; hawa walishindwa na wale wakaweza. Mwenye kutaka kujua sababu hana budi kurudi nyuma kidogo.

Katika miaka ya 1960 Japani ilikuwa na waunda motokaa wengi kuliko ilivyoweza kuwalisha. Serikali yake ilikuwa imewakinga kwa kuzuia magari ya kigeni yasiingie, lakini kinga hiyo haikuweza kudumu: mwezi wa Oktoba 1965 mlango wa magari madogo kutoka nje ulifunguliwa. Wakuu wa Wizara ya Biashara ya Nje na Viwanda waliwaogopa Wamarekani. Walifikiri kwamba kampuni ndogo ndogo za Japani zitamezwa moja moja na yale majitu ya Detroit, na kwamba dawa ni kuziunganisha zote katika makundi machache yenye nguvu. Walikuwa wamejaribu hata kutunga sheria ya kuzuia watu wapya wasiingie katika kazi ya kuunda magari.

Mtu aliyewaudhi sana wakuu hao ni Soichiro Honda, mwana wa mhunzi, ambaye wakati ule alikuwa na sifa kwa pikipiki tu. Alipoona kwamba mlango wafungwa, aliharakisha, na mwaka 1963 akatoa lori dogo na gari lake la kwanza ili aonekane kuwa yumo tayari katika kazi. Sheria ile haikupita bungeni. Honda akabaki peke yake, kwa hiari yake, na kampuni yake ikakua bila ya kujifunga na mtu. Nawaomba wasomaji wangu waikumbuke tabia hii, maana itaonekana tena miaka 60 baadaye.

Wengine waliitika. Tarehe 1 Agosti 1966 kampuni ya Prince iliingia ndani ya Nissan. Prince ilikuwa na mafundi hodari, wengi wao waliotokana na viwanda vya ndege vya wakati wa vita, na walikuwa wakiunda gari liitwalo Skyline ambalo lilikwisha pata heshima. Walichokosa ni fedha na ukubwa. Nissan ilikuwa na fedha na ukubwa. Jina la Prince lilififia mpaka likapotea, lakini Skyline lilibaki, nalo likawa moja ya fahari za Nissan. Mwaka huo huo Hino, ambao walikuwa wakiunda malori na pia motokaa ndogo iliyoitwa Contessa, walipatana na Toyota. Sharti lake lilikuwa chungu: Contessa iliachwa, na Hino wakashika malori peke yake. Walipoteza mtoto mmoja wakaokoa nyumba.

Katika mambo haya mawili twaona jambo moja. Aliyeingia alileta kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho, na alijua mahali atakapokaa. Hapakuwa na ubishi juu ya nani mwenye kiti.

Sasa tutazame Uingereza, ambako mambo yalikwenda kinyume, na ambako habari zinatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani. Wazee wetu waliyajua majina ya Austin, Morris na Land Rover kabla ya kulijua jina lolote la Kijapani. Mwaka 1968 karibu kampuni zote kubwa za motokaa zilizomilikiwa na Waingereza wenyewe ziliwekwa pamoja katika shirika moja, British Leyland: Austin, Morris, Jaguar, Rover, Triumph na nyinginezo. Serikali ya Uingereza ilishangilia. Kwa hesabu ya karatasini lilikuwa jitu. Lakini ndani ya jitu hilo Rover na Triumph ziliendelea kumwuzia mteja yule yule magari mawili ya ukubwa ule ule, kila upande ukijisifu. Viwanda vilikuwa vingi mno, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kufunga cha mwenzake, seuze chake mwenyewe. Migomo haikwisha. Mwaka 1975 shirika lilikuwa limeishiwa, na serikali ikalichukua mikononi mwake kwa fedha za wananchi.

Mwaka mmoja kabla ya anguko hilo, Leyland ilikuwa imeanzisha kampuni yake hapa Kenya, kwa ajili ya kiwanda cha Thika. Serikali yetu, ambayo ilitaka magari yaunganishwe nchini ili vijana wapate kazi na ufundi, ilitia hisa zake humo. Shirika mama lilipokuwa likisambaratika Ulaya, mtoto wake wa Thika alibaki akitafuta kazi ya kufanya. Baadaye kiwanda kikabadilishwa jina kikaitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na mafundi wake wakaunganisha magari ya kampuni nyingine. Basi mtu asiniambie kuwa kuungana kwa matajiri wa ng'ambo ni habari ya ng'ambo.

Hapa pana jambo la lugha ambalo naomba nilitaje kabla halijatutatiza. Kiswahili chetu hutumia mzizi mmoja kwa mambo mawili: fundi huunganisha gari, na kampuni mbili huungana. Fundi anapounganisha gari kila kipande kina tundu lake, na mchoro umekwisha andikwa. Kampuni zinapoungana hakuna mchoro wala tundu, na kila kipande kina mdomo wa kusema.

Mfano wa tatu ni wa Nissan tena. Kufikia mwaka 1999 kampuni hii ilikuwa imezama katika deni la yen trilioni 2 hivi. Renault ya Ufaransa ilinunua hisa zake asilimia 36.8, ikamtuma Carlos Ghosn kwenda kuinyosha. Alifunga viwanda na kupunguza watu 21,000, na faida ikarudi upesi kuliko ilivyotarajiwa. Lakini kampuni hizi mbili hazikuungana. Zilibaki nyumba mbili zenye ua mmoja. Kwa muda mrefu jambo hili lilisifiwa kuwa ni hekima. Hata hivyo, Mfaransa alikuwa na sauti katika nyumba ya Mjapani, na Mjapani, ambaye baadaye aliuza magari mengi kuliko Mfaransa, hakuwa na sauti katika nyumba ya Mfaransa, ingawa alikuwa na hisa zake humo. Kinyongo kilikua. Ghosn alikamatwa Tokyo mwezi wa Novemba 2018, akatoroka nchi mwisho wa 2019, na mwaka 2023 pande mbili zikapatana upya kwamba kila mmoja awe na haki ya asilimia 15 tu kwa mwenzake.

Nissan iliyokwenda kuongea na Honda mwaka 2024 ndiyo hiyo: kampuni iliyowahi kuokolewa, ikachukia kuokolewa. Mwezi wa Novemba mwaka huo ilikuwa imetangaza kupunguza watu 9,000. Honda ilikuwa na nguvu zaidi. Thamani ya hisa zake sokoni ilikuwa mara nne au zaidi ya ile ya Nissan. Mwaka 2023 Honda iliuza magari karibu milioni 4, na Nissan milioni 3 na zaidi kidogo ya theluthi. Wakijumlishwa wangekuwa wa tatu ulimwenguni, nyuma ya Toyota na Volkswagen. Waliopenda muungano walishika hoja hii. Walisema kwamba gari la umeme lina gharama kubwa mno ya kulibuni, kwamba kampuni ya BYD ya Uchina, ambayo mwaka 2024 iliuza magari zaidi ya milioni 4, imekwisha wapita wote wawili, na kwamba asiyekuwa mkubwa atakufa.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kubuni mtambo mmoja wa umeme na kuutia katika magari milioni saba ni nafuu kuliko kubuni miwili. Lakini mimi naona kwamba hesabu ya kujumlisha ilificha jambo la maana. Honda na Nissan zilikuwa na soko moja kubwa la kutegemea, Marekani, na jeraha moja kubwa, Uchina, ambako mauzo ya wote wawili yalikuwa yakishuka. Walikuwa wakiunda magari ya namna moja kwa watu wa namna moja. Prince alimletea Nissan mafundi, naye Nissan akamletea Prince fedha; je, Nissan angemletea Honda nini ambacho Honda hakuwa nacho? Magari makubwa ya fremu, labda, kama yale yapendwayo na wakulima na askari wetu wa mbugani. Zaidi ya hayo angemletea viwanda vilivyo nusu vitupu na watu wa kuachishwa kazi.

Honda waliliona hilo. Katika mapatano ya kwanza ilikuwa imekubaliwa kwamba Honda ndiyo itakayomteua mkuu na walio wengi katika baraza. Nissan walipokuwa wazito wa kukata viwanda vyao, Honda wakabadili shauri wakasema: basi na iwe kampuni iliyo chini yetu, kama mtoto kwa mzazi. Nissan, iliyoanzishwa mwaka 1933, miaka 15 kabla ya Honda, ilikataa kuitwa mtoto. Mafahali wawili hawakai zizi moja, walisema wahenga, na hapa hata hawakufika mlangoni mwa zizi. Mimi sioni kuwa huo ulikuwa msiba. Mwezi wa Mei 2025 Nissan ilitangaza kwamba itapunguza watu 20,000 kwa jumla, pamoja na wale 9,000, na kwamba viwanda vyake 17 vitabaki 10. Kazi ile ya kukata iliwangoja, waungane wasiungane. Muungano ungeiahirisha, kama ulivyoiahirisha kule British Leyland.

Tuje sasa kwa Fuso na Hino. Wote wawili walikuwa wamekwisha vunjika kiburi. Fuso ilitoka katika ubavu wa Mitsubishi Motors, ambayo ilifedheheka ilipojulikana kuwa imewaficha wateja makosa ya magari yake kwa miaka mingi. Baadaye Fuso ikawa chini ya Daimler wa Ujerumani. Hino ilikuwa chini ya Toyota tangu 2001. Mwezi wa Machi 2022 Hino ilikiri kwamba ilidanganya katika vipimo vya moshi wa injini zake, na uchunguzi ukaonyesha kwamba udanganyifu huo ulianza zamani, tangu 2003. Mapatano ya kwanza ya kuungana yalifanywa mwezi wa Mei 2023, yakakawia kwa sababu ya fedheha hiyo, na hayakukamilika mpaka Hino ilipokubali mwanzoni mwa 2025 kulipa zaidi ya dola bilioni 1.6 huko Marekani.

Mwaona, basi, tofauti yake. Hapa waliokaa mezani walikuwa Daimler na Toyota, nao hawakuwa na sababu ya kugombea kiti. Walikubaliana kwamba kila mmoja alenge kuwa na robo ya hisa, zilizosalia ziuzwe kwa umma katika soko la hisa la Tokyo, na shirika lianze kazi Aprili 2026. Mwezi wa Oktoba 2025 walilipa jina, Archion, wakatangaza pia, mapema na waziwazi, kwamba viwanda vitano vya malori huko Japani vitabaki vitatu kufikia mwisho wa 2028. Jambo gumu lilisemwa kabla ya kuingia nyumbani. Hata hivyo, sisemi kuwa watafanikiwa. Nasema tu kwamba sababu zao zaeleweka: soko la malori la Japani ni dogo, wanunuzi hawaongezeki, na injini mpya za umeme na za haidrojeni hugharimu mali nyingi ambayo mwuza malori hawezi kuirudisha upesi kama mwuza motokaa ndogo.

Lakini yanayowafaa wao huenda yasitufae sisi. Mwenye kununua lori kwa ajili ya biashara ya Kongowea ana silaha moja tu mbele ya mwuzaji, nayo ni kuweza kusema: ukinipandishia bei, naenda kwa mwenzako. Mwenzako akiwa ni yeye yule, silaha imekuwa butu. Watabaki Isuzu, na malori ya Wahindi na ya Wachina, tena magari yaliyotumika yashushwayo Kilindini kutoka Japani. Kwa hiyo mnunuzi hataachwa uchi. Ila bei ya vipuri ni jambo la kutazamwa sana, maana mwenye lori la miaka kumi hanunui lori lingine kila mwaka, bali hununua breki, klachi na pampu.

Kuna jambo jingine lililo karibu nasi zaidi. Ukitoka Changamwe kwa barabara ya Nairobi utafika Miritini, na hapo ipo karakana ya Associated Vehicle Assemblers, mojawapo ya zile tatu zilizoanzishwa nchini katika miaka ya 1970, pamoja na ile ya Thika na ile ya General Motors ya Nairobi, ambayo tangu 2017 ni ya Isuzu. Karakana ya Miritini haina gari lake yenyewe. Huwaunganishia wenye magari kwa ujira. Humo yamepata kuunganishwa malori ya Fuso, ya Hino, ya Scania na ya Tata, na magari ya Toyota. Fuso na Hino zilipokuwa bado mahasimu kwao, mafundi wa Mombasa walizifunga nati chini ya paa moja, na jioni wakapanda matatu moja kurudi nyumbani.

Sikuliweka jambo hili mwishoni kwa mapambo. Nadhani lina jibu ambalo wakuu wa Tokyo waliligharimia mno kulitafuta. Wapinzani waweza kushiriki karakana, mashine, hata mafundi, bila ya kushiriki jina wala daftari la hesabu. Watu wa Mombasa wana ujuzi wa zamani wa jambo hili. Thelatha Taifa, yaani Kilindini, Changamwe na Tangana, na Tisa Taifa wa upande wa pili, waliishi katika kisiwa kimoja na bara yake, wakagombana sana, wakaitwa kwa pamoja Thenashara Taifa. Lakini kila upande ulikuwa na Tamimu wake, na hakuna aliyedai kuwa umoja wao ulihitaji Tamimu mmoja. Bila shaka kabila si kampuni, wala sitaki kulisukuma fumbo hili mbali kuliko linavyoweza kwenda.

Ikiwa Archion itaamua siku moja kwamba Fuso na Hino zitumie vipande vile vile, kazi ya Miritini yaweza kuongezeka, kwa kuwa mashine moja itatosha malori ya namna mbili. Au yaweza kupungua, kwa kuwa penye njia mbili za kuunganishia itabaki moja, na penye mafundi wawili atabaki mmoja. Uamuzi huo hautafanywa Mombasa.

Niliporudi darasani na majibu haya, yule mwanafunzi alisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza kwamba, kwa ahadi ya wenyewe, majina yote mawili yatabaki usoni mwa malori, hata watu wa Kongowea hawataona tofauti. Akasema kwamba baba yake hakuwa na wasiwasi wa jina. Alitaka kujua kama klachi ya Hino, ambayo amesikia kuwa ni rahisi zaidi, sasa itaingia katika Fuso lake.